Laini ya Mitungi ya Mama Billy

Trizah Amolo hana ugonjwa wowote isipokuwa ule wa kutaka kujua. Ukimwambia ng'ombe ameanguka mtaroni, hataki habari za ng'ombe. Anataka kujua ng'ombe huyo alikuwa akielekea wapi saa hizo na nani alimruhusu. Tabia hiyo ilimchosha mumewe, ikamchosha mwalimu wa kwaya, na kwa miaka tisa imewachosha wateja wa maji wa Kambi Muru, mtaani Kibera, ambao hawana pa kumkimbia kwa sababu yeye ndiye anayeshika mpira.

Mpira wenyewe ni ule mweusi unaotoa maji kwenye tangi la Dalmas. Dalmas ni mwenye tangi, na huonekana Jumamosi tu, akiwa amevaa viatu visivyopenda matope. Vitu vingine vyote pale kioski ni vya Trizah kwa mazoea: ufunguo, mpira na laini. Majirani humwita Mama Billy, kwa jina la kifungua mimba wake ambaye siku hizi anajenga maghorofa Nakuru.

Kwa asiyeijua, laini ya Kambi Muru, yaani foleni ya maji, si ya watu, ni ya mitungi. Maji hayaji kila siku, na siku yakija hakuna anayejua saa. Mwanamke mwenye kibarua cha kufua nguo mtaa wa Woodley hawezi kusimama hapo asubuhi nzima akingoja mfereji ukohoe. Kwa hiyo anapopita alfajiri huweka mtungi wake nyuma ya mwingine na kwenda zake, na mtungi husimama badala yake. Mmoja umefungwa kitambaa chekundu mkononi, mwingine umechomwa herufi kwa msumari wa moto, mwingine una kifuniko cha chupa ya mafuta kisichoutosha vizuri. Trizah anaijua yote. Maji yakija anaijaza mmoja baada ya mwingine, anaisukuma ukutani, na jioni wenyewe huja kuichukua na kulipa. Hakuna karatasi wala kalamu.

Mwaka huu, mwezi wa pili, walifika vijana wawili wenye daftari. Mmoja alikuwa Waruguru, msichana mwembamba wa miaka thelathini hivi, mpole wa sauti na mgumu wa kudanganywa. Wa pili alikuwa Kevin Wepukhulu, aliyekulia Kabiro na anayeandika programu za simu. Walisema wanatengeneza huduma ya kusaidia watu kupata maji, na wangependa kumuuliza maswali kumi. Walipoondoka walikuwa wamejibu ishirini. Trizah alitaka kujua nani anawalipa, simu ya kubofya itaweza hiyo kitu au ni ya wenye simu kubwa tu, na kwa nini wameanza na yeye na si yule jamaa wa tangi la bluu kule juu ya reli.

"Huyu tunamhitaji ofisini," Waruguru alimwambia Kevin walipofika barabarani. Wiki iliyofuata wakamwomba awe akienda kila Jumanne alasiri, mpira ukiwa umefungwa, akae nao kama sauti ya wateja. Wangempa nauli na chai. Trizah angeenda hata bila chai.

Ofisi iko kituo cha matatu cha Kawangware 56, orofa ya pili, juu ya duka la misumari na mabati. Ukutani kulikuwa na karatasi ndogo za kunata, za manjano na za waridi, nyingi kama matangazo ya waganga kwenye nguzo za stima. Watu saba walikuwa wamekaa katika vikundi vitatu, kila kikundi kikiinamia kompyuta zake. Trizah alisimama katikati ya chumba na mkoba wake.

"Hii yote ni ya nini?" akauliza.

Kevin akasema ni ramani ya kuonyesha mfereji gani una maji. Kikundi cha dirishani kikasema ni ya kulipia maji kwa simu. Kikundi cha tatu kikasema ni mfereji unaofunguka kwa kadi. Kisha wote wakamtazama Waruguru, naye akavuta pumzi.

"Ndio shida yetu hiyo, Mama Billy. Tunafanya kazi kwa vipande vya wiki mbilimbili. Kila wiki mbili kuna kitu kimeisha, tunapiga makofi, tunaanza kingine. Tuna mbio. Lakini ukiuliza tunaenda wapi, unapata majibu matatu."

"Na mnataka kwenda wapi?"

"Hiyo ndio tunatafuta. Sentensi moja ya kusema tunaenda wapi, tunaita maono. Halafu mkakati, yaani tutashika nini na tutaachilia nini. Halafu ramani ya hatua, nini inaanza, nini inafuata. Wafadhili wanakuja baada ya wiki sita. Wakikuta majibu matatu, wanafunga mfuko wa pesa."

Trizah alipenda maneno hayo kuliko alivyotarajia. Maisha yake yote watu wamemwambia aache kuuliza kwa nini, na sasa amefika mahali ambapo watu wazima wanalipwa kuuliza. Akaanza kusoma ukuta. Yeye husoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa mandazi, na husoma mpaka mwisho. Mwisho wa ukuta huo ulikuwa karibu na dirisha, chini ya neno "Baadaye", na hapo palikuwa na karatasi ya waridi iliyoandikwa: Kioski bila mhudumu.

"Mhudumu ni nani?" akauliza, ingawa alikwisha kujua.

Kevin alitazama vidole vyake. Waruguru hakutazama pembeni.

"Ni wewe, Mama Billy. Mfereji ukifunguka kwa kadi, hakuna haja ya mtu wa kushika mpira. Dalmas ameshatuuliza mara mbili itakuwa tayari lini. Ilifaa nikuambie kabla ujisomee. Nisamehe."

Trizah aliogopa. Hakuogopa kidogo, aliwaza kodi ya nyumba na binti yake aliye kidato cha pili. Mtu mwingine angechukua mkoba akashuka ngazi, na mimi nisingemlaumu. Lakini ule ugonjwa wake ulikuwa umeamka pamoja na hofu, na haukutaka kulala.

"Itafanyaje kazi?" akasema. "Mtu akiwa hayuko, kadi inawekwa na nani?"

Kevin akaliandika swali hilo kwenye karatasi ya manjano.

"Ileteni kwangu siku moja. Mimi nitakaa kando nione."

Wakaileta Alhamisi moja, baada ya wiki mbili. Kevin alifunga mfereji wa kadi kwenye tangi na kugawa kadi arobaini. Trizah alikaa ng'ambo ya kijia, kwa muuza chapati, mikono mapajani kama mgeni wa harusi. Mitungi ishirini na saba ilikuwa tayari kwenye laini. Maji yakaja saa moja na dakika ishirini.

Watu watano wa kwanza walikuwepo wenyewe, wakaweka kadi, wakajaza, wakaenda. Kevin akainua kidole gumba kumwonyesha Trizah. Halafu ikafika zamu ya mtungi wa kitambaa chekundu, ambao mwenyewe alikuwa Woodley akiloweka mashuka ya watu. Mtungi ukasimama pale bila kadi na bila mkono.

"Huyu hayuko, tusonge," akasema mwanamke wa nyuma, na akaupita. Wa nyuma yake akapita miwili. Kufikia saa tatu kulikuwa na laini mbili, moja ya mitungi na moja ya watu, na laini hizo zilikuwa hazipendani hata kidogo. Jamaa mmoja mwenye hoteli alikuja na mitungi sita na kadi sita alizokusanya kwa majirani, akasema sheria ni kadi. Kevin, suruali imelowa mpaka magotini, alikuwa akiburuta mitungi huku na huku akiuliza, "Na hii ni ya nani? Na hii? Wasee, si mseme tu."

Trizah alicheka mpaka muuza chapati akamwondolea chai mkononi isimwagike. Alifurahi na hakuificha. Saa sita maji yalipokatika, mitungi kumi na tisa ilikuwa mitupu, na wenyewe walikuwa hawajui lolote, wako kwa watu wakifanya kazi.

Waruguru alikuja kukaa naye kwenye benchi. Alikuwa amechoka lakini macho yalikuwa yamechangamka.

"Tulikuwa tumekosea mbali sana," akasema. "Tulidhani watu wanatafuta maji. Kumbe wanatafuta kutosimama. Wewe ndio umekuwa ukiwapa hiyo."

"Si ningewaambia mkiniuliza," Trizah akasema, na jioni hiyo alitembea Kambi Muru nzima kichwa juu. Jumamosi alimweleza Dalmas habari yote, pamoja na suruali ya Kevin, na Dalmas hakuuliza tena kadi itakuwa tayari lini.

Lakini Waruguru si mtu wa kushiba kwa jaribio moja. Alituma watu wake wakaongee na wateja kwa siku tatu, na akamwomba Trizah asiende nao. Watu, alisema, hawasemi ukweli mbele ya mwenye mpira. Trizah aliona kama ametukanwa kidogo, ila alikubali, maana hata yeye alitaka kujua watu wangesema nini.

Jumanne majibu yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi, moja moja, bila majina. Desturi ya ofisi ni kwamba kila mtu anachukua fungu lake na kusoma kwa sauti, wote wasikie. Fungu la Trizah lilikuwa na karatasi tisa. Waruguru akaweka mkono juu yake.

"Hizi hazijachaguliwa, Mama Billy. Sijui kuna nini ndani."

"Nitasoma."

Ya kwanza ilisema: Mama Billy anajua mtungi wangu hata nikibadilisha kifuniko. Ya pili ilisema: Nikiacha mtungi kwake nafanya kazi na roho safi. Trizah alikohoa kidogo kusafisha sauti. Ya tatu ilisema: Mama Billy akikununia, mtungi wako unatembea.

Kevin akanyoosha mkono. "Nipatie hizo zingine, mathe."

"Ni zangu," akasema, akaendelea. Ya nne ilikuwa ya mtu anayependa maji yawe masafi. Ya tano ilisema: Mimi humsalimia hata siku sina raha, kwa sababu ya mtungi. Ya saba ilisema: Tunamwogopa, lakini hakuna mwingine. Ya nane ilikuwa ndefu kuliko zote: Nilisema kitu huko kwaya hakikumpendeza. Kesho yake niliacha mtungi wangu ukiwa wa tatu. Niliporudi ulikuwa wa mwisho, na maji yalikuwa yameisha. Alizisoma zote tisa kwa sauti ileile, kama anasoma somo la kwanza kanisani, kisha akazipanga sawasawa mezani.

Ilikuwa kweli. Ukimkasirisha, mtungi wako ulirudi nyuma nafasi mbili, tano, wakati mwingine mpaka mwisho. Yeye aliita hiyo adabu. Kila mtu ana namna yake ya kutunza heshima, na yake ilikuwa hiyo, tena hakuwa mchoyo: wajawazito na wazee aliwasogeza mbele bila kuombwa. Mwanamke aliyewauliza watu wote wa Kambi Muru kwa nini hakuwahi, kwa miaka tisa, kujiuliza mtungi uliorudishwa nyuma ulimfanya nini mwenyewe.

Karatasi ya nane aliijua. Kwenye kwaya ni mteja mmoja tu aliyewahi kumjibu: Mourine Nalianya, anayeimba sauti ya pili pembeni yake, na ambaye kwa muda sasa amekuwa akimwamkia kwa adabu nyingi isiyo na uchangamfu. Kesho yake mchana Trizah alienda kwake. Mourine alikuwa mlangoni, akichagua maharagwe kwenye sinia.

"Sasa, Mourine."

"Poa, Mama Billy. Karibu. Kuna shida na mtungi wangu?"

Swali hilo peke yake lilimkalisha Trizah chini.

"Ile siku niliurudisha. Ulifanya nini?"

Mourine aliendelea kuchagua. "Ya nini sasa? Ni mambo ya zamani."

"Nataka kujua."

"Tifa, mtoto wangu, alikuwa anaharisha. Nilitaka maji ya kumuosha na kuosha zile nguo, ndio nimwachie jirani nirudi kazi ya mchana. Nikakuta hakuna. Nikaenda kutafuta juu ya reli, kule pia laini ilikuwa ndefu. Nilifika kazi saa tisa badala ya saa saba. Yule mama akaniambia kesho nisirudi. Miaka tatu nilikuwa namfulia."

"Hiyo kazi ya Woodley? Ulisema walihama."

"Nilisema hivyo."

"Kwa nini hukuniambia, Mourine?"

Mourine aliinua macho kwa mara ya kwanza, bila hasira. "Nikuambie aje? Wewe ndio una mpira."

Trizah alisema pole, akaona neno lenyewe ni dogo, akalisema tena. Aliona aibu ya namna ambayo hajawahi kuiona tangu awe mtu mzima. Alikaa akasaidia kuchagua maharagwe mpaka yakaisha.

Jumanne iliyofuata zilikuwa zimebaki wiki mbili wafadhili waje, na Waruguru alikuwa amefunga mlango. Katikati ya ukuta alibandika karatasi moja kubwa isiyo na kitu.

"Leo hatutoki bila maono," akasema. "Kila mtu atoe yake. Na kila moja nitaiuliza swali moja tu: inatukataza nini?"

Kevin akasema, "Maji karibu na kila mtu." Waruguru akauliza inakataza nini, na Kevin akakubali kwamba haikatazi chochote, unaweza kuibandika hata kwenye ofisi ya diwani. Kikundi cha malipo kikatoa yao, nayo ikaanguka vilevile. Ndipo Trizah akaomba kalamu. Aliandika polepole, kwa herufi za mtu aliyeishia darasa la nane lakini akasoma magazeti yote ya mandazi:

Mtu akishaweka mtungi wake aende kazini, na hakuna wa kuusogeza, hata Mama Billy.

Waruguru akaanza kuuliza, na mara hii sentensi ilikuwa na majibu. Inakataza nini? Inakataza mfereji wa kadi, kwa sababu kadi inamtaka mtu awepo. Inataka nini kwanza? Mtungi ukiwekwa, Trizah aandike kwenye simu nambari ya nafasi yake katika laini, mwenyewe apate ujumbe, na mpangilio wote uonekane kwa yeyote mwenye simu, hata ya kubofya. Hiyo ndiyo wiki mbili za kwanza. Ujumbe wa kusema mtungi umejaa ungefuata. Malipo yangengoja. Ramani ya mifereji yote ya Kibera, kazi ya Kevin ya miezi mitatu, ikatolewa ukutani, kwa kuwa aliyekwisha kuweka mtungi hatafuti mfereji, na Kevin akaitoa mwenyewe kwa mikono yake, midomo imebana. Kuachilia kunauma, na hakuna aliyejifanya hakuumi.

"Niko na swali moja," Kevin akasema baadaye. "Hii sentensi ni poa, lakini maono hayawekwangi jina ya mtu. Si tuandike 'hata mhudumu'? Ama 'mtu yeyote'?"

"Andika Mama Billy," Trizah akasema. "Ukiandika 'mtu yeyote', nitasoma nikidhani ni mwingine."

Kevin alimtazama, kisha akakaza kofia ya kalamu na kuirudisha mezani.

Waruguru alikuwa akisafisha mwisho wa ukuta. Akabandua ile karatasi ya waridi ya dirishani, Kioski bila mhudumu, akaikunja mara moja, akaelekea nayo pipani. Alikuwa akitabasamu, kama mtu anayempa mwenzake zawadi.

"Usiitupe," Trizah akasema.

"Mama Billy, hii ndio ilikuwa inakutoa kazi. Tumejaribu, imekataa."

"Imekataa kwa sababu nyinyi hamjui mitungi. Siku moja mtajua. Irudishe pale mwisho, kwa yale hatujui bado."

"Na ukifanya kazi yako vizuri, itakuwa hapo ya nini?"

"Sitafanya vizuri kila siku. Najijua. Kuna mtu atanikasirisha, na simu iko mkononi mwangu, na mimi ndio naandika nambari. Siku hiyo mtungi wa mtu ukitembea tena, mjue pa kuanzia."

"Una hakika?"

"Sina. Naogopa sana, usione hivi. Iweke tu."

Waruguru akaikunjua, akaipiga pasi kwa kiganja na kuibandika tena karibu na dirisha, chini ya neno "Baadaye". Trizah alichukua mkoba wake, akaenda mpaka mlangoni, akageuka kuangalia kama inasomeka kutoka pale. Haikusomeka vizuri, kwa hiyo akamwambia Kevin aiandike upya kwa herufi kubwa.